Kadi za Harusi ya Lucia

Majengo,
S.L.P. 47,
Mpanda.
21 Juni, 1998.

Mpendwa kaka Silvester,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Huko Tanga mnaendeleaje, na kifua cha wifi kimepoa? Sisi wazima. Mama bado analalamikia goti, lakini jana alicheza mpaka khanga ikamdondoka.

Ndiyo, mdogo wetu Lucia ameolewa jana, na Baba mkubwa Amosi ndiye aliyemkabidhi! Najua utashangaa. Alikuwa amesusa kabisa, maana habari za posa alizisikia sokoni, wakati baba yetu hayupo na yeye ndiye aliyepaswa kuambiwa kwanza.

Ilikuwa hivi. Pale steshenari ninapochapa tumeletewa kompyuta, na ndani yake zimo herufi zinazofanana na mwandiko wa mkono. Zimelegea kidogo, kama za mtu anayeandika huku anapiga soga. Nimeshazizoea. Bei za chai na maandazi za mama Kija nimezichapa kwa herufi hizo, hoteli yake imechangamka. Tangazo la msiba nilikataa, lingekuwa kama tunacheka matangani. Kadi za Lucia nikazichapa hivyo hivyo.

Baba mkubwa alipoipata yake kule Magamba, akafurahi mno. Akawa anawaonyesha watu, "Mwanangu ameniandikia kwa mkono wake." Hasira zote zikaisha.

Lucia akataka tunyamaze. "Dada, si ameshakubali? Tumwache tu."

Nikamwambia hapana. Herufi hizi nazijua mimi. Zinafaa kumchangamsha mgeni, haziwezi kumwombea mtu radhi. Siku akiiona kadi ya jirani, kila herufi sawa na ya kwake, atasusa moja kwa moja.

Tukaenda Magamba sote wawili. Lucia akasema mwenyewe, "Baba mkubwa, hii kadi imeandikwa na mashine. Mimi sikuandika hata neno moja. Na kutokuja kukuambia ni kosa langu."

Mzee akainuka akaingia ndani, nikajua ndiyo basi tena. Akatoka na kalamu. "Haya, andika sasa."

Lucia akaandika chini ya kadi: Baba mkubwa nisamehe, naomba unisindikize kanisani. Mwandiko wake unaujua, mistari inapanda mlima. Mzee akausoma polepole, akacheka mpaka akafuta machozi.

"Huu mbaya kweli. Ndio wa kwako. Nyie nendeni, nitakuja."

Na jana akaja, koti limembana. Akamshika Lucia mkono toka mlangoni mpaka mbele, akamkabidhi kwa mumewe, kisha akaenda kukaa kando ya mama, mahali ambapo baba angekaa.

Msalimie wifi Immaculata na watoto. Baba mkubwa na Lucia wanawasalimu sana. Mungu awatunze huko mliko, na likizo ikipatikana awafikishe kwetu salama.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Skolastika