Aliyesema kwa Sauti Yangu

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Hapa Sekei tu wazima, babu yako tu anasumbuliwa na kikohozi. Umeuliza kwa nini sikufurahi uliposema unakuwa msemaji wa mgombea.

Nilipokuwa kijana, Elifasi alikuwa katibu wa chama aliyetufundisha ujamaa. Vyama vingi vilipokuja, alichana kadi yake mbele yetu, akagombea ubunge kwa tiketi ya upinzani. Yeye hakujua Kimeru, na wazee wetu hawakujua Kiswahili vizuri, hivyo mimi nilimtafsiria mikutanoni. "Shamba la ushirika tutawagawia," alisema, nami nikasema hivyo hivyo kwa Kimeru. Akashinda.

Baadaye alirudi kwenye chama kilekile alichokichania kadi, akapewa uwaziri, na shamba akapewa mwekezaji wa maua. Bibi Anaeli, aliyekuwa akilima pale, alinijia.

"Umenidanganya."

"Si mimi, mama. Ni Elifasi."

"Elifasi sikumwelewa. Nilikusikia wewe."

Uchaguzi uliofuata, Elifasi aliniita tena jukwaani. Babu yako alikuwa ameajiriwa kwenye shamba hilo hilo la maua. Niliogopa asije akafukuzwa kazi, nikashika kipaza sauti. Anaeli alinyanyuka, akaondoka taratibu. Tangu siku ile hakuitikia tena salamu yangu mpaka akafa.

Elifasi alikuja kumzika. Alisimama kando ya kaburi, akasema kwa Kiswahili kwamba marehemu alikuwa kama mama yake mzazi. Kisha waombolezaji wote wakanigeukia mimi, wakingoja nitafsiri.

Mungu akulinde huko uliko.

Bibi yako