Mbegu za Bure na Ndiva Iliyobomoka

Jumatatu, 3 Julai 1978
Maji yamechemka, nimeyafunika. Bado tunachemsha, ingawa tangu Mei hakuna aliyeugua kipindupindu hapa Myamba. Bwana asifiwe. Ila masoko yalipofungwa ndizi zilituozea, tukala akiba. Mahindi yamebaki kibaba. Tuko wawili, mimi na mama mkwe.

Leo bwana shamba ametangaza mpango wa serikali wa kuinua uchumi baada ya ugonjwa. Kila kaya itapewa mbegu za maharage, bure! Sharti moja: shamba likutwe limelimwa na limelowa. Anakagua Jumamosi ya wiki ijayo. Nimefurahi kama mtoto.

Jumatano, 5 Julai
Furaha imeisha. Kiangazi hiki maji yatoke wapi? Ndiva yetu, bwawa la kumwagilia, ilibomoka ukingo wakati wa karantini. Hakuna aliyeigusa. Kwa msaragambo ni kazi ya siku moja: pembe inalia, kijiji kizima kinatoka na majembe.

Asubuhi shemeji Eliamani, balozi wetu wa nyumba kumi, kapuliza pembe. Tukafika. Katibu Kata naye kafika.

"Mkusanyiko marufuku! Amri haijafutwa. Mnataka tuzikane tena?"

"Ndugu Katibu, na mbegu zinataka maji."

"Hayo ya mbegu kamwulize bwana shamba."

Tukatawanyika. Miaka yote tunahubiriwa kufanya kazi pamoja. Leo tumejitokeza wenyewe, tunafukuzwa. Nina hasira mpaka kichwa kinauma.

Ijumaa, 7 Julai
Shemeji kapata njia. Kila nyumba iende peke yake, ifanye kipande chake, irudi. Pembe ikilia tena, nyumba inayofuata. Jirani yangu Nakijwa akamjibu toka uani kwake:

"Balozi, pembe ya kuita kijiji unaniitia mimi mmoja? Mbuzi mimi?"

"Mbuzi angekuwa ameshafika!"

Tumecheka. Ni siku nyingi hatujacheka.

Alhamisi, 13 Julai
Leo zamu yangu. Tope magotini, baridi. Mmoja anachimba, nani apokee udongo? Nachimba, naweka jembe, nabeba, narudi. Mgongo haunyooki. Nilisali hukohuko ndivani. Ilikuwa kufoka zaidi kuliko kusali. Mungu anisamehe.

Jumamosi, 15 Julai
Bwana shamba kaja na lori. Ukingo umebakiza hatua tatu. Tatu tu! Mashamba yamelimwa vizuri, makavu. Nikamwomba atupe siku mbili.

"Mama, mimi nimetumwa kuandika pamelowa au hapajalowa."

"Unaona wazi kwa nini hapajalowa."

"Naona. Ila fomu haina nafasi ya kuandika hayo."

Magunia kashuka nayo kwenda kijiji cha tambarare, chenye mto. Kijana wa watu, hata macho hakuinua. Sikumuaga. Mama mkwe kaniuliza maharage yako wapi. Nikamwambia bado.

Jumapili, 16 Julai
Sikwenda ibadani. Sikuumwa.

Jumanne, 18 Julai
Ndiva imekamilika jana, usiku ikajaa. Leo zamu yangu ya maji. Nakijwa kaniuliza namwagilia nini. Nikasema shamba.

Nimeyafungulia. Nimeyaongoza kwa jembe tuta kwa tuta, taratibu, yasikate kingo. Hadi saa sita udongo ulikuwa mweusi wote, laini, ukibonyea chini ya mguu.

Sina cha kuweka ndani yake.

Nimefunga mfereji nikampisha Nakijwa.