Mwizi wa Oili

Baba,

Trekta limewaka. Jana asubuhi, hapa hapa uani kwetu Ziwani, lilitoa moshi kidogo, kisha likatulia likanguruma vizuri. Najua ungefurahi. Nilitaka ufurahi kwanza, kabla sijakueleza mengine.

Niliifungua injini baada ya arobaini yako. Mama alisema tuliuze kama chuma chakavu, nikakataa, sikujifunza ufundi kwako bure. Kichwa cha injini nilikipeleka kwa fundi kule Mtawanya kikasawazishwe, ringi na gasketi nikabadilisha. Kisha nikafika kwenye turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini. Baba, oili mle ndani ilikuwa imeungua ikawa masizi magumu, nikayakwangua kwa bisibisi. Shafti yake, ule mhimili unaozunguka, inacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Bomba la kupeleka hewa kwenye injini limelowa oili tupu. Nilikaa chini kwenye vumbi.

Unaelewa? Injini ilikuwa inameza oili na kuichoma yenyewe. Ndiyo maana dumu la oili liliisha na chini ya trekta hapakuwa na tone.

Na aliyeiua turbo ni wewe. Trekta lako la zamani halikuwa nayo, ulilizima ukimaliza tu kulima. Hili nalo ukalizima vivyo hivyo, likiwa la moto, ili dizeli isipotee, oili ikabaki inaungua ndani ya turbo. Kaka Bakari alikuomba, "Baba, liache lingurume kidogo lipoe." Ukamjibu, "Dizeli ya baba yako?" Tukacheka, maana ilikuwa ya baba yake kweli. Alipokuonyesha moshi wa bluu na kukwambia linakula oili, hukucheka tena. Ulisema mbele ya watu waliokuwa wakitoka msikitini, "Chuma hakili oili. Anayekula ni mwanangu." Ukamwita mwizi, mwanao wa kiume wa pekee, akavuka Ruvuma kwenda kuishi kwa wajomba.

Halafu ukaugua, na hata kitandani hukulegea. Uliacha wasia kwamba mwizi asiguse jeneza lako. Bakari aliposikia umefariki alikuja, kanzu ameiazima. Baba mdogo akamzuia mlangoni kwa maneno yako. Nilichungulia kwenye uwazi wa makuti nikamwona amesimama barabarani, jeneza linapita mbele yake mabegani mwa watu baki. Hakutia hata konzi moja ya udongo. Nina hasira nawe, Baba. Tena nikishika spana nauona mkono wako, nakukumbuka mpaka nashindwa kukaza nati, na hilo linanikasirisha zaidi.

Nimefunga turbo nyingine, na ile shafti mbovu nimeipitisha nyumba kwa nyumba. Nimemwonyesha baba mdogo, nimewaonyesha wote waliokusikia siku ile pale msikitini. Wamesikitika, wakasema ni mapenzi ya Mungu. Nikawaambia hapana, ni mapenzi ya Baba.

Jana lilipowaka nilimpigia Bakari. Nikaisogeza simu kwenye injini asikie. Nikamweleza yote, nikalia, nikamwomba aje nimpeleke kaburini kwako, atie udongo kwa mkono wake, mambo yaishe.

Kisha akasema, "Nilikuja siku ile ya maziko." Akakata simu.

Buriani, Baba. Kaburi lako nitalipalilia mwenyewe, nakuahidi. Yeye sitamwomba tena.

Binti yako,
Zuhura