Pini ya Mpera

Mjomba Shaibu,

Kuna swali nililolibeba tangu nikiwa mwanafunzi, na ambalo sikuthubutu kukuuliza ulipokuwa hai. Siku ile nilipoiondoa pini yako ya mti nikatia ya chuma, ulijua kitakachotokea? Nimeligeuza kila upande. Kila nikidhani nimelifikia jibu, nagundua kwamba nimefika tu pale nilipotaka kufika.

Nakuandikia kwa sababu mwezi uliopita lililetwa trekta jipya Kiegeani. Ni la kikundi chetu cha wakulima wa mpunga, nami ndiye niliyepewa kazi ya kuwafundisha madereva. Ungelipenda. Lako lilikokota plau kama mtu anayeburuta mbuzi asiyetaka kwenda, hili hulibeba. Lina mikono mitatu nyuma, miwili chini na mmoja juu. Dereva hurudi nyuma polepole, akaunganisha, akavuta wenzo ulio kando ya kiti, na plau zima likanyanyuka kwa nguvu ya haidroliki. Hadija, dereva wetu wa kwanza, alipolinyanyua, wanawake waliokuja na mbegu zao walipiga vigelegele. Mimi nilikukumbuka wewe, ukishuka kila mwisho wa shamba kulinyanyua lako kwa mikono, jasho likikuchuruzika, huku ukilisema: "Plau hili lina kiburi kuliko bibi harusi!"

Nalikumbuka zaidi kopo lako la pini. Plau lako liliungwa na trekta kwa pini moja tu, nayo ilikuwa kijiti cha mpera, unene wa kidole gumba. Plau likigonga kisiki cha mkorosho, kijiti kilikatika. Trekta likaenda zake, plau likabaki. Ulishuka, ukatoa kingine koponi, ukakichonga kwa kisu huku ukipiga mluzi. Watu hawakukuacha. "Mzee Shaibu, leo mswaki umekatika mara ngapi?" Nawe ukawajibu, "Bora ukatike mswaki, meno yabaki." Lakini wewe ulikuwa na jibu kwa kila utani. Siwezi kuufanya utani ule ushahidi.

Nilipokuja likizo kutoka chuo, huko bara, nilikuwa nimejifunza jinsi nguvu inavyopita kutoka kwenye zana hadi kwenye mashine. Niliweza kuichora. Sikuwa nimejifunza kungoja. Asubuhi ile kijiti kilikatika mara tano, mvua ilikuwa karibu, na wanawake walikuwa wameketi tutani wakitutazama. Niliona aibu. Leo nakiri kwamba aibu ile haikuwa yako, ilikuwa yangu: mpwa msomi, na mjomba anayefunga trekta kwa kijiti. Nilipanda bodaboda hadi Kilindoni, fundi akanichongea pini ya chuma, nikakukabidhi mbele za watu.

Mbele za watu, mjomba. Hilo ndilo linaloniuma.

Uliishika, ukaipima uzito kiganjani. Ukanyamaza. Kisha ukasema, "Haya, tia, mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma."

Kesho yake plau liligonga kisiki, na pini haikukatika. Magurudumu yaliendelea kusukuma, plau likakataa, pua ya trekta ikapanda juu. Ulikanyaga klachi, likaanguka kwa kishindo, nawe ukatupwa juu ya madigadi ya gurudumu. Nyonga ikavunjika. Hukuendesha tena. Ulitembelea mkongojo miaka tisa iliyobaki, na kila aliyekuuliza ulimjibu, "Ni pupa yangu, nilikwenda mbio." Hukwenda mbio. Nilikuwa nimesimama pale.

Kwenye trekta jipya, plau likikwama, mkono ule wa juu husukuma mbele na kuikandamiza pua chini. Nguvu ileile iliyokuinua wewe, sasa humkalisha dereva kitini. Nilipokuwa nikiwaeleza madereva jambo hili, niliishia katikati ya sentensi, nikajifanya nimepaliwa. Kisha tukafika kwenye mashine ya kufyekea nyasi, inayofungwa hapohapo nyuma. Ina bolti moja iliyotengenezwa dhaifu kwa makusudi, ili ikatike yenyewe kabla gia hazijavunjika. Hadija aliigeuza vidoleni, akaangua kicheko.

"Da Zuwena, si mswaki wa marehemu Mzee Shaibu huu? Kumbe wenye viwanda wamemuiga!"

Wote walicheka. Nami nilicheka, kisha nikaenda kusimama nyuma ya ghala mpaka nikaweza kurudi.

Siku ya pili nilimwendea mkeo, Bi Zainabu. Nilimuuliza moja kwa moja iwapo mpera ule ulikuwa hila ya kujikinga. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyechelewa kuzungumza. "Pini ya chuma iliyokuja na plau ilizama baharini Kilindoni siku walipolishusha," akasema. "Mjombako alikata mpera kwa kuwa mpera uko nyuma ya choo. Hekima mnamvika nyie. Keshakufa, hawezi kuivua."

Huenda ni kweli. Lakini nakumbuka kwamba nikiwa mdogo nilikuletea kijiti cha mkwaju, ukakitupa. "Mgumu mno huu," ulisema. Mtu anayetafuta tu cha kutia tunduni angekataa kijiti kigumu? Au ulimaanisha mgumu kuuchonga? Nimefundishwa kutotegemea ushahidi mmoja, na hapa sina zaidi ya huo, utani na ukimya wako.

Kama hukujua, basi ilikuwa ajali, na sote wawili hatukuwa na elimu ya kutosha. Kama ulijua, basi uliikubali pini ile usinivunjie heshima mbele ya watu, ukailipia kwa nyonga yako, kisha ukanifichia kosa miaka tisa. Natamani sana liwe la kwanza. Na kwa kuwa natamani, siliamini.

Sitapata kulijua, na sababu si kifo chako. Nilikuwa na miaka tisa ya kuketi nawe barazani na kuuliza. Nilikuletea kahawa, nikakusomea magazeti, nikakueleza habari za kila mashine mpya. Swali lile niliogopa kulitoa, kwa kuwa ungenijibu kwa upole, nami nisingejua kama upole ule ni ukweli.

Basi pumzika, mjomba wangu. Mola akupanulie pale ulipo. Sina cha kukurudishia, ila ahadi hii: nitakapokuta kitu kinachonichekesha kwenye mashine ya mtu, nitamuuliza kwanza ni cha nini. Nitamuuliza tukiwa wawili tu, pasipo mtu wa kumwaibisha, na nitangoja hadi amalize kunijibu.

Mpwa wako,
Zuwena