Jogoo wa Kumwomba Radhi Subira

Mlowo, Jumamosi, 11 Mei 2013

Asubuhi ukungu ulichelewa kuondoka, na baridi ikanilazimu kuvaa koti langu la ualimu, ingawa nimestaafu. Moyo wangu umetulia. Nachapa maneno haya kwa vidole viwili katika chumba cha intaneti, wala sitaondoka kabla sijaungama.

Wiki tatu zilizopita nilimkosea mtoto.

Karibu na stendi lipo ghala la kahawa ambalo hukaa tupu mpaka mavuno yaanze. Akina mama wanaochambua kahawa humo waliamua kwamba vijana wenye vipaji walitumie kuchorea. Fundi mmoja wa Tunduma, aandikaye maneno kwenye mabodi ya malori, hutuletea rangi zinazobaki. Mimi niliombwa kuwa mlezi. Nilikubali kwa sharti kwamba nidhamu iwepo.

Subira ana miaka kumi na sita na anaishi hapa kwa shangazi yake. Wenzake walimchagua achore picha kubwa ya ukutani, ambayo lazima iishe kabla magunia hayajaingia mwezi ujao. Alileta mchoro kwenye karatasi: mama yake akipepeta mpunga. Nami nikafanya nilichokifanya kwa miaka thelathini na minne. Nilitoa kalamu nyekundu, nikaizungushia duara mikono ya yule mama, nikaandika "mikubwa mno", kisha nikampa alama arobaini na nane kwa mia.

Mbele ya wenzake wote.

Siku ya pili shangazi yake alirudisha brashi zikiwa zimefungwa kwenye gazeti.

"Anasema hana kipaji," aliniambia. "Anasema Mwalimu ndiye ajuaye."

Nilijifariji kwamba mtoto asiyevumilia kusahihishwa hafiki mbali. Ukweli ni kwamba niliona haya, na mzee akiona haya huiita kanuni.

Ukuta ulibaki mtupu. Kila kijana niliyempa kazi ile aliikataa kwa adabu. Walisema ni ya Subira.

Akina mama wa ghala wana utaratibu wao. Aliyemkosea mwenzake humpelekea kuku, kwa miguu, mchana, watu wakiona. Kuku akipokelewa, neno limekwisha. Asipopokelewa, unarudi naye nyumbani. Sikudhani kwamba jambo hilo lilinihusu, mpaka juzi kiongozi wao, Mama Nambeye, aliponiita pembeni.

"Mwalimu, sheria yetu haistaafu."

Basi leo nimepita katikati ya soko na jogoo kwapani. Muuza viazi mmoja akapaza sauti: "Mwalimu, na huyo naye amefeli?" Soko zima likacheka. Nilistahili.

Shangazi hakunipa kiti.

"Mama yake Subira yuko Kamsamba, analima mpunga," alisema. "Umewahi kuiona mikono yake?"

"Sijaiona."

"Sasa uliisahihishaje?"

Subira alikuwa amesimama mlangoni, na tangu nifike hakuwa ameniamkia. Nilimwomba radhi kwa sentensi moja isiyo na "lakini" ndani yake. Alimtazama shangazi yake, akamtazama jogoo kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko mtihani wowote niliowahi kuusimamia. Kisha akanyoosha mikono, akampokea.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," nikaitikia.

Alasiri alikuja ghalani. Wenzake hawakumshangilia wala kumwuliza lolote. Mmoja alimsogezea kopo la rangi tu, kana kwamba alitoka jana. Alipanda ngazi na kuanza kuchora kwa mkaa, akianzia na mikono ya mama yake. Ameichora mikubwa kuliko ile ya kwenye karatasi. Mimi nilikuwa chini, nimeishika ngazi.

"Mwalimu, inacheza!"

Nikakaza.

Magoti yananiuma ninapoandika haya, nami nina furaha. Hata hivyo, swali moja haliniachi. Katika miaka ile thelathini na minne, ni watoto wangapi waliorudisha brashi zao kimya kimya, bila kuwa na akina mama wa kunidai kuku kwa niaba yao?

Siwezi kuwahesabu. Kesho, ibada ikiisha, nitakwenda kushika ngazi.