Mvumo wa Gitaa la Baba

Muscat, Jumatatu jioni

Mdogo wangu Deo,

Pole na kazi, pole na mvua. Mama ameniambia kwamba hapo Mchombe mmeshamaliza kupandikiza mpunga na mgongo wake umepata nafuu. Nimefurahi sana. Mimi mwili ni mzima, joto la huku nimelizoea, na hotelini bado nafunga na kufungua vyombo vya bendi kila jioni. Moyo ndio hautulii, na sababu ni wewe.

Barua hii amekuletea dada Rehema wa Mkula, tunayefanya naye kazi, anarudi nyumbani likizo. Ningeweza kukutumia ujumbe kwenye simu, lakini ujumbe mrefu wewe huusikilizi mpaka mwisho. Hii uisome kwa sauti, Mama akiwa amekaa karibu.

Uliniomba nikuchagulie kizuia kelele cha kunyamazisha mvumo wa gitaa la kwaya alilokuwa akipiga Baba, kikae kwenye raki, lile kabati la chuma la vyombo vyake, kabla ya misa ya kubariki kaburi lake. Nilikwenda dukani na gitaa langu mgongoni, maana kifaa cha namna hii hakinunuliwi kwa macho. Mwenye duka ni mzee ambaye mama yake alizaliwa Pemba, Kiswahili anakimwaga. Akanipa cha kwanza. Kila nilipoacha kupiga, kelele ilikatika papo hapo, nikajua nimepata. Kisha nikapiga ule wimbo wa Baba wa kutoka kanisani, ambao noti ya mwisho aliiacha ilie mpaka inyamaze yenyewe, watu wakiwa tayari wako nje ya kanisa. Kifaa kikaifunga katikati.

"Mbona umebadilika uso?" mzee akauliza.

"Kimemkatisha baba yangu," nikamjibu.

Hakucheka. Akaleta cha pili, ambacho hufunga taratibu, na hicho ndicho alichobeba Rehema. Gitaa liingie humo kwanza, ili kisikilize vidole vyako. Halafu, kwa jozi ya pili ya waya, kikafunge kelele kule mwisho wa raki, baada ya vyombo vingine, kwa sababu navyo vina kelele zao. Nimefunga waya zote na kuziandika, huwezi kukosea.

Sasa ndio maneno yenyewe. Nilipokuwa nimeshakinunua, ukanipigia simu kwa furaha.

"Kaka, mvumo umeisha! Nimekata ile plagi ya raki, nimefunga ya miguu miwili. Tundu la juu la soketi nachomeka kalamu, inaingia freshi. Hata hicho kifaa siyo lazima tena."

Nikakwambia urudishe plagi ya miguu mitatu. Ukacheka.

"Acha woga bwana. Ila maiki nayo siku hizi inaning'ata midomo nikiimba."

Ukaendelea kucheka. Mimi nilikaa chini sakafuni, hapo hapo jukwaani hotelini.

Najua utasema tangu utoto tumechomeka chaja za simu kwa kijiti na hakuna aliyekufa. Chaja ni plastiki, Deo. Raki ni chuma, na chuma hicho kimeungana na nyuzi unazozishika. Mguu ule wa tatu ni waya wa ethi: umeme ukivuja, huo ndio unaoupeleka ardhini. Umeutoa, na sasa njia ya umeme ni wewe. Vidole viko kwenye nyuzi, midomo kwenye maiki, na miguu peku juu ya saruji yenye unyevu, kwa kuwa Baba alipiga amevua viatu na wewe hutaki kupiga tofauti. Kinachokung'ata ni umeme. Siku moja utakushika, na hakuna atakayejua kama unaimba au unakufa.

Hakuna kizuia kelele kinachofanya kazi ya waya huo, hata kiwe cha bei gani. Nimemwagiza Rehema asikukabidhi kifaa mpaka aione plagi ya miguu mitatu kwa macho yake. Usimnunie, mnunie kaka yako. Mwite fundi umeme aikague na ile nondo ya ethi iliyozikwa nje ya kanisa. Mvumo unaletwa na raki na mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti za maiki, kupata ethi kwenye soketi mbili tofauti; vichomekwe kwenye ekstensheni moja, utapungua sana. Kidogo utabaki. Uache ubaki.

Naogopa, Deo. Nalisema hili Mama akisikia. Baba mlimzika bila mimi. Nilisikia udongo ukimwagwa kupitia simu, nimesimama nje ya jiko la hoteli na sare ya kazi mwilini. Sauti ile bado ninayo masikioni. Sitaweza kuisikia mara ya pili.

Mama mpe shikamoo yangu, na umshike mikono yote miwili unapompa. Shangazi wa Ifakara naye shikamoo, mwambie kitenge chake Rehema anacho. Wasalimu wanakwaya wote, hasa mwalimu wao, na umwambie ajiandae kukuona umevaa viatu. Shemeji yangu Yustina, mkeo, namwomba aichukue hiyo kalamu ya kwenye soketi aichome jikoni.

Siku ya misa, kabla hamjaanza, nipigie. Kizuia kelele ukiwa umekizima, weka simu mbele ya spika, wala usiseme chochote. Nataka nisikie mvumo kwanza. Nikiusikia nitajua waya umerudi mahali pake, nami nitakaa kusikiliza mpaka noti ya mwisho inyamaze yenyewe.

Ni mimi kaka yako, ninayekuhitaji ukiwa mzima,

Beno