Kisiwa Kisicho na Watu

Maparoni, Jumatano, Agosti 1996

"Hakina watu." Ndivyo nilivyoijazia serikali ya kijiji fomu ya mwekezaji anayetaka kufuga kamba kule kisiwani. Kisiwa chenyewe ni mchanga na mikoko, unakizunguka kwa nusu saa. Kuna vijiti vimechomekwa mchangani. Nilidhani ni vya wavuvi.

Leo Bi Mwanahawa, jirani yangu, kanikuta nafua. "Mwalimu, wanangu wawili wako kule. Mwaka wa ndui wagonjwa wote tuliwapeleka huko. Chakula tunakiacha ufukweni, tunarudi. Siku tulipokuta cha jana hakijaguswa, tukashuka kuzika. Kila kijiti ni mtu."

Fomu imeshafika wilayani, na tingatinga la kuchimba mabwawa ya kamba likija...

Sikumwambia kwamba siku niliyokwenda kukikagua kisiwa nilivunja vijiti vitatu, nikachemshia chai.